KUCHEKA, KISHA KUNYAMAZA
Namna filme fupi «Les Mistons» ilivyotengenezwa



Mara nyingi nyuma ya kuangalia filme tunaulizana: «Ilikuwa namna gani?» Na jibu iko moja tu: «Eeh, ilichekesha!» Basi, mazungumuzo imekwisha. Lakini katika somo la Kifaransa hakuna profesa anayekubali jibu la namna ile juu ya kitabu. Anatuuliza: Ni nani anayesimulia? Juu gani muandikaji anaanzia hapa, haanzii kule? Juu gani alichagua neno hili, akaacha lile? Filme nayo inaweza kuulizwa maulizo kama hayo. Yenyewe haina maneno tu. Ina kamera, ina sauti, ina mwendo, ina makasi ya kukata. Mutu asiyejua vitu hivi anachekeshwa tu. Mutu anayevijua anacheka vilevile, lakini anajua ni nani aliyemuchekesha, na kwa njia gani.

Ndiyo maana tumechagua filme moja fupi ya kuchekesha, yenye habari ya vijana wanaotoka katika utoto, ili tuifungue kipande kwa kipande, kama vile fundi anavyofungua saa juu ya meza. Jina lake Les Mistons. François Truffaut aliitengeneza katika kiangazi cha mwaka 1957 kwenye muji wa Nîmes, kusini ya Ufaransa, muji ambamo Waprotestanti wana historia ndefu tangu karne ya 16. Picha zake ni nyeusi na nyeupe, na urefu wake haufike dakika 20. Truffaut alikuwa na miaka 25. Watu walimujua kama muandikaji wa magazeti aliyehukumu filme za wengine kwa ukali mukubwa. Sasa alipashwa kuonyesha kama yeye mwenyewe anaweza.

1. TIYO YA MAJI YA MWAKA 1895

Mbele ya kuingia Nîmes, turudi kwanza nyuma, maana Truffaut mwenyewe anaturudisha kule. Tarehe 28 Desemba 1895, katika muji wa Paris, filme kumi za ndugu Lumière zilionyeshwa mbele ya watu waliolipa. Moja kati yao ilikuwa ya kuchekesha. Siku hizi inajulikana kwa jina L'Arroseur arrosé, ni kusema mumwagiliaji aliyemwagiwa. Haifike hata dakika moja.

Habari yake ni hii. Mutu wa bustani anamwagilia majani kwa tiyo. Kijana mmoja anakuja nyuma yake polepole, anakanyaga tiyo. Maji inakauka. Muzee anashangaa, anainua mudomo wa tiyo na kuchungulia ndani. Kijana anaondoa muguu. Pwaa! Maji yote katika uso, na kofia inaanguka. Muzee anamukimbilia, anamukamata, anamurudisha na kumupiga matakoni. Kisha anarudilia kazi yake.

Sasa tuulize: juu gani watu wanacheka? Kamera imesimama pahali pamoja, haisogee hata kidogo. Pale iliposimama, inaona mutu wa bustani mbele na kijana nyuma yake, pamoja na muguu juu ya tiyo. Sisi tunaona muguu, muzee haoni. Kicheko kimezaliwa pale: sisi tunajua jambo ambalo mutu wa katika picha hajui. Kama kamera ingesimama upande mwingine, ikaonyesha muzee peke yake, tungeshituka pamoja naye wala tusingecheka namna ile.

Angalieni tena jambo la pili. Kijana anapokimbia, anaelekea kando ya picha, karibu atoke. Muzee angeweza kumupiga kule kule alikomukamata. Lakini anamuvuta mupaka katikati, mbele yetu, ndipo anamupiga. Sababu yake ni kadre, ni kusema mupaka wa picha. Kitu chenye kufanyika inje ya kadre, kwa mutu anayeangalia ni kama hakikufanyika. Kamera ile haikuzungukia kumufuata kijana, basi kijana alipashwa kurudi mbele ya kamera.

Tuweke mambo haya mawili katika kichwa: nani anajua nini, na kitu gani kiko inje ya kadre. Yatatusaidia mupaka mwisho.

Katika Les Mistons, Truffaut anarudilia muchezo ule ule: mutu anamwagilia, kijana anakanyaga tiyo, maji inaruka katika uso. Wengine wanaweza kusema ameiba. Sisi tunasema hapana. Ni kama kijana anayesimama katika mukutano wa wazee, anawasalimu kwanza, kisha anaanza kusema neno lake.

2. HABARI YENYEWE

Neno «miston» ni neno la kusini ya Ufaransa, maana yake mutoto mutundu. Katika filme wako watano. Kuko dada mumoja, Bernadette, mukubwa kuliko wao, anapita katika muji juu ya kinga yake. Vijana wanamupenda, lakini wako wadogo, hawajui kitu gani cha kufanya na mapendo ile. Tena dada ana muchumba, Gérard, mwalimu wa michezo. Basi, kwa sababu hawawezi kumupenda, wanachagua kumuchokoza. Wanawafuata wale wawili kila pahali: kwenye kiwanja cha tenisi, katika uwanja wa zamani wa mawe uliojengwa na Waroma, hata ndani ya sinema. Wanawachungulia, wanawazomea. Gérard anaondoka kwa muda, na akirudi watafunga ndoa. Vijana wanamutumia Bernadette karata ya posta yenye kumuchokoza. Lakini Gérard harudi. Anakufa katika ajali mulimani.

Habari ilitoka katika hadisi fupi ya Maurice Pons, ndani ya kitabu chake Virginales cha mwaka 1955. Bernadette alichezwa na Bernadette Lafont, mwenyeji wa Nîmes, na ilikuwa filme yake ya kwanza. Gérard alichezwa na Gérard Blain. Wale watoto watano walikuwa watoto wa kawaida, hawakuwa wachezaji wa kazi.

Mutu atatuuliza: «Filme yenye kifo inaitwa namna gani ya kuchekesha?» Ndilo ulizo lenyewe. Sehemu kubwa ya filme inatuchekesha kweli. Lakini mbinu zile zile zilizotuchekesha, nyuma yake zinatudai deni.

3. KAMERA INAKIMBIA PAMOJA NA KINGA

Filme inaanza na Bernadette juu ya kinga. Anakuja mbio, upepo unapiga rinda yake, jua linapita kati ya miti. Kamera haisimame kando ya barabara kama mupolisi. Inatembea pamoja naye. Mbinu hii Wafaransa wanaiita travelingi: kamera inawekwa juu ya motokari ao juu ya kigari, inafuata mutu kwa mwendo wake.

Travelingi inafanya kazi gani hapa? Kamera yenye kusimama inatufanya kuwa watazamaji. Kamera yenye kutembea inatufanya kuwa wafuataji. Mbele hata ya kuona wale vijana watano, sisi tumekwisha kuanza kumufuata Bernadette. Hakuna mutu aliyetuuliza kama tunapenda. Kamera imetuchukua, nasi tukafurahi. Ndiyo kusema vijana watakapotokea, sisi tuko tayari upande wao. Tumekuwa miston wa sita.

Na pale tenisi ni vilevile: Bernadette na Gérard wanacheza, vijana wanawaangalia, na sisi tunawaangalia pamoja na vijana. Tunaona mambo ambayo wachumba hawajui. Ni kanuni ya tiyo ya maji: mwenye kujua anacheka, asiyejua anachekwa.

4. SAUTI YENYE KUSEMA «SISI»

Watoto katika filme hii wanasema kidogo. Mwenye kusimulia ni sauti ya mutu mukubwa ambaye hatumuoni kamwe. Ni mumoja wa wale watano, lakini sasa amekomaa, anakumbuka. Na neno lake ni «sisi»: sisi tulimupenda, sisi tuliwafuata, sisi tuliwachokoza.

Tulisimama sana juu ya neno hili, maana hata gazeti letu linasema «sisi». Katika filme, «sisi» inafanya kazi mbili. Kwanza inachekesha. Sauti inasema kwa heshima, kwa Kifaransa cha kitabu, lakini picha inaonyesha watoto wenye mikono michafu wanaopanda ukuta. Maneno inavaa koti, picha iko pekupeku. Kila mara sauti na picha zikiachana namna hii, kicheko kinapita katikati yao.

Kazi ya pili iko nzito zaidi. «Sisi» ni pahali pa kufichama. Katika wale watano, tunapata shida kusema ni nani mwenye wazo la karata, nani mwenye kupiga kelele wa kwanza. Hakuna anayesema «mimi». Sauti ile ya mutu mukubwa, hata nyuma ya miaka mingi, haijatoka katika «sisi». Nasi tunajua vizuri njia ile. Kikaratasi kinapita chini ya meza darasani, majina mawili yanaandikwa juu ya tablo na kuzungushiwa roho. Profesa anauliza: «Nani aliandika?» Kimya. Ni sisi wote, kwa hiyo si mutu.

5. WAKATI UNAPUNGUZWA, WAKATI UNARUDISHWA NYUMA

Sasa tufike kwenye mbinu mbili za mashini.

Filme ya kawaida inapiga picha 24 kwa kila segonde, na mashini ya kuonyesha inapitisha 24 kwa kila segonde. Hapo mwendo wa watu unaonekana wa kawaida. Lakini kama kamera inapiga picha 48 kwa segonde, na mashini ya kuonyesha inabaki na 24, segonde moja ya kweli inakuwa segonde mbili kwenye kitambaa. Ndio mwendo wa pole.

Truffaut anautumia mara moja kwa ajabu. Bernadette ameacha kinga yake. Kijana mumoja anakaribia, anainama, anaweka uso wake juu ya kiti cha kinga. Na saa ile wakati unakuwa polepole. Wanafunzi wengine watacheka sana hapa, na walimu wengine watakohoa. Lakini tuangalie mbinu. Kama kitendo kile kingeonyeshwa kwa mwendo wa kawaida, kingekuwa uchafu wa mutoto tu. Mwendo wa pole unaondoa aibu, unaonyesha kwamba kwa kijana yule ile segonde ilikuwa kubwa. Kamera haimuchekelee, wala haimushitaki. Inamupa muda tu.

Mbinu ya pili ni kurudisha picha nyuma. Ukipitisha filme kuanzia mwisho kuelekea mwanzo, chenye kuanguka kinasimama. Jambo hili nalo liko la zamani: katika mwaka 1896 Louis Lumière alipiga picha ya watu wanaobomoa ukuta, kisha ikaonyeshwa kinyume, ukuta ukasimama wenyewe katika mavumbi yake. Watu walishangaa kama wameona muujiza.

Katika Les Mistons vijana wanacheza vita. Wanapigana bunduki za uongo, mumoja «anakufa», anaanguka chini. Kisha picha inarudishwa nyuma, na maiti inainuka, inasimama tena juu ya miguu yake. Tunacheka. Ni muchezo mzuri, ni uchawi wa sinema.

Tafazali, wandugu, shikeni picha ile. Kwa maana nyuma yake tutasikia kwamba Gérard amekufa. Na pale Truffaut hatumii mashini. Filme hairudi nyuma. Gérard hasimame. Ile ajali yenyewe kamera haituonyeshe: iko inje ya kadre. Mutoto wa muchezo alikufa mbele ya macho yetu, akafufuka. Mutu wa kweli anakufa mbali, pasipo sisi kuona, na hakuna mukono unaoweza kuzungusha filme kinyume.

Hii ndiyo sababu tunasema kwamba ile mbinu haikuwa mapambo. Mutu anayetaka kuonyesha ufundi tu angeweka mwendo wa kinyume popote. Truffaut aliuweka katika muchezo wa watoto, kisha akaukataza katika kifo cha mutu. Filme nzima imesimama katikati ya picha hizo mbili.

6. MAKASI

Kazi ya kukata vipande na kuviunganisha inaitwa montaji. Watu wengi wanafikiri montaji ni kuondoa makosa. Hapana. Montaji ni kuamua kitu gani kitakaa karibu na kitu gani, na muda gani utarukwa.

Kwa muda mrefu filme yetu inafuata siku za likizo kama watoto wanavyozifuata: leo tenisi, kesho sinema, kesho kutwa kupasua karatasi la matangazo ukutani. Hakuna haraka. Kisha Gérard anaaga kwenye gari la moshi, na pale mambo inaanza kukatwa mafupi. Kati ya kuaga na habari ya kifo, filme inatupa nafasi kidogo sana. Hatupewe muda wa kujitayarisha. Ndivyo habari mbaya inavyofika hata katika nyumba zetu: watu wako wanakula, mutu anabisha mulango.

Na mwisho, Bernadette anaonekana tena. Ile kinga haiko. Rinda nyeupe haiko. Anatembea kwa miguu, amevaa nguo nyeusi ya kilio. Linganisheni picha ya kwanza na picha ya mwisho: ni dada mumoja, muji mumoja, kamera moja. Mwanzo alikuwa mbio, sasa anaenda polepole, wala si mashini inayomupunguza mwendo. Tulikuwa tumezoea kujua mambo asiyoyajua. Sasa yeye anajua kitu ambacho sisi hatujui: uzito wa kufiwa. Kanuni ya tiyo imegeuka. Mwenye kujua hacheki.

7. JE, FILME HII HAINA KASORO?

Kuchambua si kusifu tu. Tunaona kwamba vipande ambamo watoto wanacheza wenyewe viko hai sana, kuliko vile ambamo wanapashwa kuwafuata wachumba kwa sababu habari inataka hivyo. Truffaut mwenyewe alisema baadaye jambo lenye kukaribia hilo: alifurahia zaidi mambo ya watoto kuliko yale ya wapenzi wawili. Na alijifunza. Katika mwaka 1959 alitoa filme yake ya kwanza ndefu, Les Quatre Cents Coups, juu ya kijana mumoja anayeitwa Antoine. Hapana tena «sisi» ya watano: ni uso wa mutoto mumoja, na kamera haimuache. Mwaka ule Festivali ya Cannes ilimupa Truffaut zawadi ya mutengenezaji bora.

8. MAULIZO KWA MWENYE KUANGALIA

Siku nyingine tukiangalia filme ya kuchekesha, hata ya dakika tano, tujaribu maulizo haya:

a) Kamera imesimama upande wa nani? Wa mwenye kucheka, ao wa mwenye kuchekwa?
b) Ni jambo gani tunalojua sisi, ambalo mutu wa katika picha hajui?
c) Ni kitu gani kimeachwa inje ya kadre, na juu gani?
d) Sauti inasema nini, na picha inaonyesha nini? Zinapatana, ao zinaachana?
e) Kama mwendo umepunguzwa ao umerudishwa nyuma, ni kwa sababu ya habari, ao ni kwa kujionyesha?
f) Picha ya mwisho inajibu nini kwa picha ya kwanza?

Mwenye kujibu maulizo haya sita, hata kama hajawahi kushika kamera, amekwisha kuanza kujua kazi ya filme.

Tunabakiza neno moja. Wale vijana watano hawakumuua Gérard. Mulima ndio uliomuua. Hawana kosa mbele ya sheria ya inchi yoyote. Lakini karata yao ilikuwa imekwisha kutumwa, na karata ya posta hairudi nyuma kama filme. Neno tulilolipiga juu ya mwenzetu, jina tuliloandika juu ya tablo, kicheko tulichotupa nyuma ya dada anayepita, hatujui siku gani kitamukuta, na atakuwa amevaa nguo gani siku ile. Filme ya dakika chache ilitufundisha kuuliza kamera imesimama wapi. Tulipomaliza kuichambua, tulijikuta tunajiuliza sisi wenyewe tunasimama wapi, pale katika kiwanja, wakati wengine wanacheka.

Kila mumoja ajibu kwa «mimi».

Mungu abariki masomo yetu.